Kitabu cha Kuonja Tu

Jumatano, Mlandege, Iringa.

Baridi ya leo imeniudhi tangu asubuhi. Ukungu haukuondoka mpaka saa nne, na mimi nilikuwa na safari ya duka la vitabu, mahali ambapo sijakanyaga tangu nimalize shule.

Baba Eliza anataka kujifunza kuandika programu za kompyuta. Mume wangu, dereva wa lori, mtu wa Tunduma na Lubumbashi! Tangu lori lipinduke naye pale Uyole mwaka jana, yuko kitandani, miguu haifanyi kazi. Mdogo wake, anayefanya kazi hizo za kompyuta Mbeya, alimletea laptop kuukuu akamwambia aanze na kitabu, maana mtandao wa kwetu ni wa kubahatisha.

Nilimtania: Kinyakyusa unacho, Kihehe nimekufundisha mimi, leo unataka na lugha ya mashine? Akacheka. Siku hizi hacheki sana.

Mwenye duka ni Mhindi mzaliwa wa hapahapa, Kihehe chake kinanizidi. Aliniwekea vitabu viwili mezani. Kimoja chembamba, kina picha nyingi. Kingine kinene, kila sura ina mazoezi yake. Akaniuliza, "Dada, huyo mtu anataka kuonja tu, au anataka iwe kazi yake?"

Nikajibu harakaharaka, "Kuonja tu. Ni dereva, anasubiri apone arudi barabarani."

Ndivyo ninavyomwambia kila mtu. Kanisani, sokoni, hata mama mkwe.

Nilirudi na kile chembamba, nimefurahi kweli. Baba Eliza alikifungua, akapitia kurasa kidogo, akakifunga. Nikadhani kimemshinda.

"Mama Eliza, kakibadilishe. Niletee kikubwa zaidi, cha mtu anayetafuta kazi."

Nikaanza maneno yangu yaleyale, kwamba daktari alisema tuzidi kumwomba Mungu. Akanishika mkono. Akaniambia daktari alishamweleza zamani, kulekule wodini, siku niliyotoka kwenda kumnunulia uji. Hatatembea tena. Muda wote huu amekaa nalo moyoni, ananingoja mimi niwe tayari kulisikia.

Yaani mgonjwa ndiye aliyekuwa ananiuguza.

Nilikasirika, Mungu anisamehe. Nilitoka uani nikafua nguo ambazo zilikuwa safi. Nililia huku nasugua, na jirani alipochungulia nikamwambia sabuni imeniingia machoni. Sidhani kama aliamini.

Kesho nitakwenda kuchukua kile kinene. Kitabu chenyewe hakinipi wasiwasi. Atakisoma, namjua, mbishi yule. Wasiwasi wangu ni mimi. Ndoa yetu yote nimeishi kwa kumsubiri arudi, nikihesabu mizigo na mipaka, nikilala na simu mkononi.

Kuishi na mume asiyeondoka, nitajifunzia wapi?