Buti Zangu Zimerudi Mikononi mwa Sadiki

Jumamosi, Kasulu

Kumekucha na ukungu mzito, ule wa kutoiona hata nyumba ya jirani, na sasa jioni imeshuka na manyunyu. Nimekaa kitandani na koti langu la kazini, sijala. Naandika kwa sababu nisipoandika nitampigia mtu simu, na nitasema maneno ambayo kesho nitatamani kuyameza.

Nimelia leo. Bora niseme mapema.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni fundi wa visima. Tunachimba na kutengeneza visima virefu vya vijijini, huku Kasulu na kule Kibondo. Kwenye timu yetu mwanamke ni mimi peke yangu. Kazi yenyewe ni tope, mabomba ya chuma, na mashine isiyojua kwamba huu ni mguu wa mtu. Kwa hiyo buti kwangu si urembo.

Buti zangu ni za ngozi nene, nyeusi. Alizitoa mtumbani Sadiki, aliyekuwa mume wangu. Zilikuwa za mwanaume mwenye miguu kama majembe. Sadiki ni fundi viatu, kazi aliyoirithi kwa babu yake aliyehamia huku kutoka Ujiji. Alinisimamisha juu ya karatasi akachora nyayo zangu kwa penseli, kisha akachonga vipande viwili vya mti vyenye umbo la miguu yangu. Mafundi wanaviita kalibu. Ule mfupa uliotokeza pembeni ya kidole gumba changu cha kulia, hata huo aliuchonga. Halafu akazifumua buti zote, akazivisha kwenye kalibu na kuzishona upya, zikawa zangu mimi, si za mtu mwingine duniani.

Soli zikiisha alikuwa anazing'oa na kuweka nyingine, za tairi la lori. Jumapili alikuwa anachemsha mafuta ya ng'ombe na nta ya nyuki, anazipaka kwa kitambaa zikiwa bado na joto la jua. Nilikuwa namwambia, "Unazipenda kuliko mimi." Alikuwa anacheka tu.

Tuliachana kwa sababu ya mtoto. Niliwahi kuandika hapa kwa kuzungukazunguka, leo sizunguki. Daktari alisema sitazaa. Mama yake Sadiki akasema kijana wake hawezi kuzeeka bila hata wa kumtuma maji. Sadiki akavumilia, akavumilia, mwishowe akaja kuniambia kwamba amemposa binti wa Mabamba, na kwamba mimi nitabaki mke mkubwa, hakuna kitakachopungua. Nikamwambia kitapungua, na kitakachopungua ni mimi. Nikaomba talaka. Alinipa huku analia.

Sikulia siku ile. Nilikuwa na hasira, na hasira inasaidia sana.

Sasa, wiki hii tulikuwa Rungwe Mpya. Mvua imenyesha mpaka udongo mwekundu umekuwa kama uji. Nikiwa nimeshika bomba, nikavuta mguu wa kulia, mguu ukaja, soli ikabaki kwenye tope. Wenzangu walicheka, nami nikacheka. Nikaifunga kwa waya mpaka jioni, na usiku nikaziweka buti karibu na jiko zikauke. Kosa kubwa hilo. Ngozi ikakakamaa na kujikunja kama samaki wa kukaanga.

Fundi wa pale stendi alinibandikia soli kwa gundi bila kushona. Ilidumu mpaka nilipokanyaga maji. Nikaenda kwa mwingine, akaigeuzageuza akasema, "Dada, hii nunua nyingine." Dukani buti za kazi zinaanzia saizi za wanaume. Nikizivaa, kisigino kinabaki nyuma kama kinasubiri gari lingine.

Msimamizi wetu, Mzee Bilago, ni mtu mpole, ila kwa mambo ya usalama hana masihara. Jana alinitazama miguuni, akaniona nimevaa ndala.

"Zuhura mwanangu, Jumatatu tunaondoka kwenda Kumsenga, na kule tutakaa. Ukija na hizo ndala sikupandishi kwenye gari."

"Nitapata buti, mzee."

"Zipate. Kuna kijana amemaliza chuo, ananiulizia nafasi kila siku. Sitaki kumpa yako."

Usiku wote nilikuwa najua ni wapi pa kwenda, najidanganya tu kwamba bado nafikiri.

Asubuhi nikazifunga buti kwenye kanga nikaenda. Ni mtaa wa nyuma ya soko, kibanda kilekile mbele ya nyumba ileile. Mlango wameupaka rangi ya kijani. Nilisimama kidogo ng'ambo ya barabara, nikasema moyoni nikimkuta na wateja nitarudi. Hakuwa na wateja.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakata tairi. Akainua uso. Kisu kikatulia palepale kwenye mpira.

"Zuhura."

"Nimeleta kazi," nikasema. Niliifanyia mazoezi njia nzima hiyo sentensi.

Akafungua kanga. Hakuniuliza habari zangu. Aliingiza mkono ndani ya buti ya kulia, akapapasa, uso ukabadilika kama mtu aliyeonyeshwa mgonjwa wake.

"Umezikausha kwenye moto?"

"Zilikuwa zimelowa."

"Nilikwambia kivulini, na karatasi ndani."

"Najua uliniambia."

Hapo mlangoni akatokea Mwajuma, yule binti wa Mabamba. Sikuwahi kumwona kwa karibu. Ni mdogo kuliko nilivyomchora kichwani, mwembamba, amembeba mtoto mgongoni. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu mwenye maringo. Akapiga goti kidogo, kama binti wa huku alivyofundishwa kusalimia.

"Mwakeye, dada."

"Mwakeye," nikamjibu. Mtoto alikuwa amelala, shavu limebonyea mgongoni kwa mama yake. Ana paji la Sadiki. Nikaangalia pembeni.

Sadiki akaziloweka buti kwenye beseni la maji ya vuguvugu ngozi ilegee. Akang'oa mabaki ya soli, akasugua gundi ya yule wa stendi kwa msasa huku akiguna. Kisha akanyoosha mkono juu, kwenye kamba zinaponing'inia kalibu zake, na mkono ukasimama hewani. Nikaangalia alipokuwa anaangalia. Nazijua kalibu zangu. Ni za mti wenye wekundu, na alikuwa amezikwaruza herufi Z kwenye kisigino. Zilikuwepo. Lakini zilikuwa zimekuwa fupi, nyembamba, na ule mfupa wa kidole gumba haukuwepo tena. Mahali pake palikuwa laini, pamepigwa msasa.

Mwajuma alikuwa amevaa viatu vya ngozi vya kahawia. Vimemkaa vizuri sana.

"Nilizichonga upya," Sadiki akasema, hakunitazama. "Mti ule haupatikani siku hizi."

Nikasema, "Sawa."

Nimejaribu kueleza kwa nini hili limeniumiza kuliko harusi yao, na sijapata maneno. Siku ya harusi niliambiwa na watu, nikawa kazini, mashine inanguruma. Mtoto alipozaliwa nikaambiwa pia. Leo hakuna aliyeniambia. Nimeona kwa macho yangu mahali nilipokuwepo pakiwa pamelainishwa.

Mwajuma naye alielewa. Niliona anashusha macho mpaka kwenye viatu vyake, akarudi ndani kimya kimya, na sikusikia tena hata kikombe.

"Bila kalibu itabidi uvae mwenyewe," Sadiki akasema. "Ngozi ikaukie mguuni mwako. Ukiweza."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Akapiga goti mbele yangu, akaushika mguu wangu wa kulia, akauingiza kwenye ile ngozi ya maji, akawa anaivuta na kuikanda kwa vidole, kutoka kwenye kifundo kwenda mbele. Alipofika kwenye mfupa, kidole chake kikaenda moja kwa moja mahali pake, hakikutafuta. Akaikanda pale taratibu, mpaka ngozi ikachukua umbo la ule mfupa kama ulivyo.

Ukweli wenyewe ni huu, na ndio maana nalia: nilikuwa nasubiri. Nilisubiri aseme neno. Sijui lipi. Kwamba alikosea, kwamba ananikumbuka, kwamba mama yake alimlazimisha. Nisingerudi, naapa nisingerudi. Lakini nilitaka liwepo hilo neno, nilisikie kwa masikio yangu, niondoke nalo.

Akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Inabana?" akauliza.

"Hapana."

"Na hapa?"

"Haibani popote."

Basi. Hayo ndiyo tuliyozungumza. Akaweka alama, akanivua, akajaza ndani matambara yaliyokazwa ili ngozi isirudi ilikotoka, akabandika soli, akatoboa tundu baada ya tundu kwa msharasi, akashona kwa sindano mbili zinazopishana, uzi ukiwa umepakwa nta. Alifanya kazi safi. Kila mshono ulikaa pale pale panapotakiwa. Kama angezifanya ovyo labda ningeondoka na hasira yangu ya zamani, ingenisindikiza mpaka nyumbani. Alinipa buti nzuri, sikuwa na cha kumlaumu. Nikaaga.

Nilikuwa nimeshafika barabarani niliposikia, "Dada! Dada, nisubiri." Mwajuma alikuwa anakuja mbio mbio, mtoto anarukaruka mgongoni, mkononi kikopo cha mafuta ya kupaka.

"Umesahau hii. Uzipake kabla hazijakauka kabisa."

Sikuwa nimesahau chochote, na yeye alijua. Nikapokea. Akasimama tu, anachezea ncha ya kanga yake.

"Kuna jambo nataka kukuuliza, unisamehe. Mvua zikianza huwa haongei. Siku nzima. Hali chakula, anakaa pale kibandani anatazama barabara. Mama yake marehemu nilimwuliza, akasema ni tabia. Mimi nahisi ni mimi nimemkosea."

Ningeweza kumwambia sijui. Ningeweza kumwacha na hiyo hofu yake, na kuna sehemu yangu iliyotaka hivyo.

"Hujamkosea, mdogo wangu," nikamwambia. "Baba yake alisombwa na mto Malagarasi msimu wa mvua, Sadiki akiwa mtoto, mbele ya macho yake. Mama yake hakupenda litajwe. Usimwulize ana nini. Mpelekee chai ya tangawizi, kaa karibu naye na kazi yako yoyote, hata kuchambua maharage. Usiseme kitu. Ataongea mwenyewe."

"Nikae tu?"

"Ukae tu. Mimi ilinichukua miaka kujua."

Aliyarudia maneno yangu midomoni, bila sauti, kama mtu anayeshika somo. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema ahsante, akageuka. Mtoto alikuwa ameamka. Alinitazama mpaka walipoingia mlangoni.

Nililia kuanzia pale mpaka nyumbani, mchana kweupe, na watu walinipisha njia wakidhani nimefiwa.

Nyumba, kigoda, jina la mume, vyote nilishaviacha zamani. Nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja tu, kwamba hapa duniani mimi ndiye ninayemjua Sadiki. Leo nimekitoa kwa mkono wangu, barabarani, kwa msichana wa watu ambaye hata hakunikosea. Na kibaya ni kwamba najua alikuwa anakihitaji kuliko mimi.

Je, nimefanya vizuri? Ukiniuliza asubuhi ya Jumatatu, juu ya gari, nitasema ndiyo. Ukiniuliza sasa, sitaki kuulizwa.

Watu wananiambia nitapata mwingine. Inawezekana. Nitakaa tena na mtu, nianze kumjifunza kimya kimya, anapenda chai gani, anaogopa nini, analala upande upi. Labda nitaweza.

Ila siyo wiki hii.