Rangi ya Kijani Juu ya Vidole Vyangu

Papa Amisi,

Dua nimekuombea asubuhi, baada ya kuoga na kuvua nguo za eda. Hii barua siyo dua. Hii ni kugombana. Ulipokuwa hai, nikianza tu kugombana ulikuwa unachukua kofia yako na kutoka, unaniambia, "Bon, nitarudia wakati umepoa." Leo huna kofia na huna mlango wa kutokea. Kaa, usikilize.

Naandika kwa kalamu yako ya useremala, ile nene ya kuchorea mbao. Feza ameing'ata upande mmoja. Ndiyo, ameota meno, mawili ya chini, na yananimaliza akinyonya. Wewe ulimuacha bila hata moja.

Nianze na nyumba, maana ni nyumba ndiyo waliyotaka kuninyang'anya.

Unakumbuka tulivyoichora? Ulirudi kutoka ng'ambo ya mto, kwenye zile villa za wazungu, na karatasi ya mfuko wa sementi umeikunja chini ya shati. Ukaitandika kwenye mkeka, ukaniambia, "Mama Amisi, nyumba nzuri haiko vitu vingi. Iko hewa na mwanga." Ukachora mlango, ukachora dirisha la kuutazama mlango, upepo wa mto uingie huku utokee kule. Mimi nikakuuliza mtoto wetu Amisi atalala wapi upepo ukipita hapo. Nikachukua kalamu kwako, nikachora kitanda pembeni, na benchi ya udongo imeshikana na ukuta ili tusijaze viti. Nikachora vishubaka viwili ukutani, kimoja cha taa, kimoja cha msahafu, juu, mtoto asifike. Na dari ya mikeka iliyosukwa, kwa sababu bati huku kwetu Lubunga linachoma kichwa. Ulicheka, ukasema nina macho ya arshitekti.

Wiki iliyofuata uliifunga ile dari ya mikeka kwenye baraza ya patroni wako, yule mzungu. Madame akapiga makofi, akasema "c'est joli," inapendeza. Ulirudi unanisimulia umefurahi kabisa. Nilikuuliza, ulimwambia nani aliifikiri? Ukasema, "Sasa ile ingesaidia nini?"

Hapo ndipo ilipoanza, na mimi sikujua.

Nyumba yetu ukaisimamisha wewe, siwezi kukataa. Miti, bati, mlango, ni mikono yako; dirisha tu ulisema litangoja. Lakini kuta ni zangu, Papa Amisi. Udongo niliubeba mimi kutoka bondeni, nikaukanyaga na majani makavu, nikakandika, nikasiriba mara tatu. Ya mwisho niliifanya kwa vidole, ule mstari wa mawimbi ambao mama yangu kule Bengamisa alinifundisha, unaanza chini mlangoni, unapanda, unazunguka vishubaka, unashuka kwenye benchi. Halafu udongo mweupe juu, na mwekundu chini pale watoto wanapochafua. Chumba kilikuwa na mwanga hata mvua ikinyesha. Wewe mwenyewe jioni ile ulikaa kwenye benchi, ulikuwa unapitisha kidole kwenye mawimbi kama mtu anayesoma.

Alors kwa nini?

Nilienda Bengamisa kumzaa Feza. Nilirudi na mtoto mgongoni, ukanifunika macho na mikono yako mlangoni. "Mama Amisi, kuya kuona! Surprise!" Nikafumbua macho. Kijani. Rangi ya mafuta, mabaki ya villa, sebule nzima, kuta zote nne, benchi, mpaka ndani ya vishubaka. Inang'aa kama chura. Mawimbi yangu umeyajaza mpaka yamelala. Ukasema, "Sasa njo tuko na salon ya kisasa."

Nilikuambia siku ile, na Feza analia: ukuta wa udongo unapumua. Ukiufunga na mafuta, maji yatabaki ndani, utavimba, utatoka ngozi. Wewe fundi mzima, ulikuwa hujui? Ulikuwa unajua. Ila ulitaka majirani waone rangi ya wazungu kwako. Na walikuja kweli. Kila mmoja anakusifu, Papa Amisi weee, umejenga. Wewe unaitikia, "Ee, nimejenga." Na mimi napita katikati yenu na sahani ya lituma, ndizi za kuponda, kama mgeni wa nyumba.

Nilisema nitakusamehe. Nilikuwa nachoka sana, nikasema basi, ni rangi tu.

Halafu zile siku zikaja. Wazungu wakakimbia, villa zikabaki wazi, bunduki zikawa zinaongea ng'ambo kila asubuhi. Watu wa Lubunga walikaa kwao. Wewe ukavaa kofia. Nilishika mlango, nakumbuka, nilishika mlango na mkono mmoja na Feza kwa mwingine. Nikakuuliza unaenda kufanya nini. Ukasema kuna dirisha, lile la vibao vinavyolala, linalopitisha hewa na kukataa jua, ulilichonga miezi miwili na patroni amekimbia kabla hujalifunga. "Njo mikono yangu ilifanya ile dirisha. Kitu ni cha mukono wenye kukifanya. Donc iko yangu."

Kwa ajili ya dirisha. Una watoto wawili, na unavuka mto kwa ajili ya dirisha!

Rafiki zako wawili ndio waliokurudisha. Hawakuwa na machela, wakakulaza juu ya hilo hilo dirisha, wakakuvusha mto kwenye pirogi. Niliona kwanza vibao. Nikasema moyoni, kichwa ngumu huyu, amelipata. Ndipo nikaona miguu yako, na damu kwenye vibao.

Sikupenda kuliona tena lile dirisha. Waliligeuza uso kwa ukuta, nyuma ya nyumba, likakaa hapo eda yangu yote.

Sasa sikiliza mdogo wako. Ramazani alilia sana kwenye matanga, na alikusifu mbele ya watu wote: "Kaka yangu alikufa mwanaume! Alienda kuchukua kazi ya mikono yake! Kitu ni cha mukono wenye kukifanya!" Siku ya arobaini, watu hawajamaliza hata kula, akatoa kamba ya kupimia. Anapima salon. Anasema benchi hii ya udongo itatoka, iko ya kizamani. Hivi vishubaka ataziba. Ataweka sementi chini, ataleta viti vya kunesa, ataleta na mke wake mpya. Nikamuuliza, "Shemeji, na mimi?" Akasema, "Weye utamaliza eda kwa heshima, kiisha utarudia kwenu Bengamisa. Nyumba ni ya kaka. Kaka njo alijenga."

Kaka njo alijenga. Maneno yako mwenyewe hayo, yametoka kinywani mwake.

Mvua zilinyesha miezi hii bila huruma, na ukuta ukaanza kuvimba kama nilivyokuambia. Malengelenge makubwa. Amisi alikuwa anayabonyeza na kidole, nikampiga mkono. Leo namuomba msamaha.

Jana familia ilikuja kuamua. Mama yako alivuka kutoka ng'ambo. Tangu wewe ujenge, magoti yake hayakuwahi kumfikisha hapa kabla ya matanga, na siku ile alikuta kijani tu. Tonton Salumu, mzee wa ukoo wenu, alikuja na njaa yake na sikio lake moja. Ramazani akasimama, akaongea vizuri, amevaa shati jeupe. Mimi nikaulizwa mwisho. Nikasema, kuta nilizifanya mimi. Akacheka. "Kupaka udongo? Muke gani hapaki udongo? Ile iko kama kufagia." Na watu wakamuitikia kwa kichwa, Papa Amisi. Wanawake pia.

Sikulia. Nilimpa Feza kwa mama yako, nikachukua kisu cha kumenyea ndizi, nikakiingiza chini ya lengelenge, karibu na kichwa cha Ramazani. Nikavuta. Rangi yako ilitoka kama ngozi ya nyoka, kipande kirefu kama kitenge. Chini yake mawimbi. Meupe, yamefifia, lakini kila kidole kiko. Nikavuta tena. Ramazani akapiga kelele, "Anaharibisha nyumba!" na makoko ya kijani yamemjaa nywele na mabega. Tonton Salumu akasema, "Kaa chini, weye, unakuwa sawa muti wenye majani," na watu wakaangua kicheko, hata mimi, na kisu mkononi.

Nikaendelea mpaka kwenye vishubaka. Hakuna aliyenizuia. Halafu nikamgeukia: "Shemeji, kwenye matanga ulisema kaka alikufa kwa kitu cha mikono yake, kwamba kitu ni cha mkono uliokifanya. Ulisema ndivyo mwanaume anavyokufa. Haya. Hii mikono ya nani?"

Mama yako ndiye aliyeinuka, na Feza begani. Aliweka kiganja chake ukutani, vidole vyake ndani ya mifereji ya vidole vyangu, akashuka nayo polepole mpaka kwenye benchi. Akakaa. Akaniuliza, sauti ndogo, "Mutoto wangu njo alifunika hii?"

Nikasema, ndiyo, mama.

"Kwa sababu gani?"

Lilikuwa lako hilo jibu, na hukuliacha.

Akamwambia Ramazani akunje kamba yake. Tonton Salumu akasema nyumba inabaki kwa mama wa watoto, akauliza kama kuna samaki. Imekwisha hivyo. Nusu ya salon bado ni kijani, nusu ni mimi. Sakafu yote ni makoko, na mikono inaniuma mpaka mabegani.

Nimeshinda, na bado nina hasira. Sikuwa nagombana na Ramazani juu ya hii nyumba. Nilikuwa nagombana na wewe, na wewe huwezi hata kusema ndiyo.

Asubuhi, baada ya dua, nilizunguka nyuma nikaligeuza dirisha. Ni zuri. Nakuambia ukweli ingawa sitaki, ni kazi nzuri kuliko zote ulizofanya. Vibao viwili vimekuwa vyeusi. Nimeliosha, hivyo viwili sikuvisugua. Rafiki zako watakuja kuukata ukuta pale tulipochora, kutazama mlango, nami nitausiriba ukingo wake kwa vidole, na Amisi atachafua upande wake. Rangi ya mafuta haitaingia tena humu ndani nikiwa mzima.

Nakuahidi hili moja. Mgeni akija, akikaa kwenye benchi, upepo ukimpiga usoni akauliza nani alifanya nyumba hii, nitataja majina mawili. Langu kwanza. Lako nitalitaja kwa nguvu, watoto wasikie.

Lala sasa, Papa Amisi.

Mimi, Mama Amisi. Jina langu ni Zuhura, kama umesahau.