Shemeji Naye Hakuulizwa

Songo, Uvira, Agosti 2013

Kaka yangu Firmin, uliye mbali Japani kwenye masomo ya sheria,

Minye niko mzima, na mwanangu Bella pia. Ameota jino la pili, ananiuma nikimnyonyesha. Risasi zimenyamaza wiki hii na mchele wa Sange umerudi sokoni.

Jumamosi wakwe walikuja na mitungi ya kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Tangu vita vilipomchukua mume wangu, walitaka mdogo wake, Niyongabo, aliyekuja pamoja nao, anirithi. Nikikataa, Bella abaki kwao. Nikakumbuka ulichonieleza kwenye simu, nikawaambia polepole kwamba sheria kuu ya Japani inasema ndoa inasimama kwa kukubaliana kwa wote wawili tu.

Baba mkwe akacheka. "Hapa ni Japani? Umeona hata lami?"

"Hapana, baba. Lakini wawili ni minye na shemeji. Yeye mulimuuliza?"

Wote wakamgeukia. Niyongabo akatazama miguu yake. "Minye niko na muchumba kule Lubarika. Hakuna muntu aliniuliza."

"Weye!" mama mkwe akapiga makofi. "Na pombe yote hii?"

"Tutainywa," akasema baba mkwe.

Nikauliza, "Na Bella?"

Mzee akamtazama mtoto aliyelala kifuani mwangu. "Akae na mama yake. Atakuwa anakuja kutusalimia."

Soma bila kuchoka, kaka. Wajane wa vita ni wengi hapa Songo, na bado hakuna anayewauliza.

Mdogo wako anayekupenda,
Claudette