Maji ya Wageni

4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi tu imenibana. Hamjambo hapo nyumbani? Miguu yako inaendeleaje?

Nakuandikia nikiwa na hasira, unisamehe. Jana ofisini nilikuwa naingiza kwenye kompyuta fomu za vijiji vitakavyochimbiwa visima kwa ajili ya ukame. Nikafikia fomu ya kijiji chetu. Wale wakaguzi waliokuja Januari wameandika: "Maji yapo. Wenyeji walitupa ya kunawa na ya kunywa, pipa zima." Kijiji kimekatwa kwenye orodha. Shangazi, pipa hilo lilitoka wapi? Si mto umekauka tangu mwaka juzi?

Mwanao

12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Miguu ipo, inalalamika kama kawaida yake. Sisi tunasema hatujambo, lakini ni mdomoni tu.

Pipa lilijazwa kikombe kikombe, kila nyumba ilichanga. Ulitaka wageni watoke mbali na vumbi lao, wakute vyungu vitupu, wajiulize tumelelewa na nani? Hata mke wa fundi vikapu, na mimba yake ya miezi mitano, alileta kibuyu kizima. Na tulivyojisikia! Mimi nikamwambia yule bwana mnene, "Kunywa baba, usione haya." Akanywa vikombe vitatu. Kumbe tunajichimbia kaburi.

Sasa tunachimba mchangani mwa mto, tunapata tope. Watu wamekubaliana tuhamie kwenye bwawa la mashariki, mwendo wa siku mbili, kabla watoto hawajaishiwa nguvu. Tunaondoka mwisho wa mwezi. Au una neno?

Shangazi yako

19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Neno ninalo, tena zuri. Msiondoke! Nimemwangukia mkuu wangu mpaka kanichoka: wakaguzi watarudi baada ya wiki mbili. Ila wanahesabu kaya. Zikiwa chini ya arobaini, hakuna kisima. Kwa hiyo wamkute kila mtu nyumbani kwake.

Na safari hii msiwape hata tone. Waonyesheni vyungu kama vilivyo. Najua utaona aibu, jikaze. Wiki mbili tu, Shangazi. Wazuie watu, wewe wanakusikiliza.

Mwanao

28 Aprili

Mwanangu,

Sina nguvu ya salamu ndefu. Wakaguzi hawajaja. Wiki zako mbili zinakaribia sita.

Niliwazuia. Nilipita nyumba kwa nyumba nikisema, "Mtoto wa kaka yangu yumo humo humo ofisini, hawezi kutudanganya." Fundi vikapu alikuwa ameshafunga mizigo, nikaifungua kwa mikono yangu mwenyewe, tena kwa mzaha, namwita mwoga. Mkewe alijifungua kabla ya siku zake, mtoto wa kike, mdogo lakini analia vizuri. Kisha maziwa yakakauka, maana mama mwenyewe hana cha kunywa. Tumemzika Jumanne. Alikuwa na siku kumi na tisa.

Mama yake hanitukani. Ananisalimia kama zamani, nami nashindwa kuitikia.

Nakulaumu, mwanangu, sitakuficha. Najilaumu mimi zaidi. Kaya ni arobaini na moja na watu bado wananitazama mimi. Niambie ukweli: wanakuja au hawaji? Nampa barua hii dereva wa lori la chumvi. Jibu mpe yeye huyo huyo.

Shangazi yako

3 Mei

Shangazi,

Nimeisoma barua yako chooni, nikashindwa kutoka. Mwambie yule mama... hapana, usimwambie kitu.

Hawaji. Gari la wakaguzi lilichukuliwa kupeleka wakubwa kwenye mkutano wa ukame, na hakuna aliyekumbuka kuniambia. Nami niliogopa kuuliza mara ya pili, nisije nikaonekana msumbufu. Huo ndio ukweli.

Ondokeni. Leo, si kesho. Achaneni na hesabu ya kaya. Mkifika bwawani, niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao

30 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu ile, na sijapata jibu. Dereva wa lori anasema alikukabidhi ile ya tarehe tatu mkononi. Uliisoma umesimama, ukamwomba awapakie watoto, akakataa kwa sababu lori lilijaa. Anasema kesho yake alfajiri mliondoka wote kuelekea mashariki. Tangu hapo hajakutana na yeyote wa kwetu.

Leo nimeletewa fomu mbili. Ya kwanza ni ya vijiji vya kule bwawani: limekauka tangu katikati ya Aprili, wakazi wake wametawanyika. Mngeondoka Machi mngeyakuta maji, mkapata nguvu ya kwenda mbele. Mimi ndiye niliyewashika.

Ya pili ni ya kwetu. Wakaguzi wamefika hatimaye, wiki iliyopita. Wameandika: "Nyumba zote tupu. Kaya: sifuri." Mkuu anataka niiingize kabla ya saa kumi. Sasa ni saa kumi na robo, na bado sijaiingiza.

Dereva nampa barua hii pamoja na madumu mawili ya maji. Sijui nimwelekeze wapi. Nimemwambia amuulize kila anayekutana naye njiani.

Mko wapi, Shangazi?

Mwanao