Mchanga Uliolowa

Nyumbani, nyuma ya karakana,
Jumanne jioni, tarehe 9.

Mpendwa Shangazi,

Pokea salamu zangu nyingi. Goti lako limepata nafuu? Sisi tu wazima, ila naandika haraka, nisamehe kwa mwandiko.

Kazi aliyonitafutia Baba Mdogo nilipomaliza shule nimeianza. Tunatengeneza zile sahani za chuma wanazonyanyua watu wa mazoezi. Sahani ya mbao yenye umbo hilohilo hukandamizwa kwenye sanduku la mchanga wenye unyevu. Ikitolewa huacha shimo la duara, na humo humiminwa chuma kilichoyeyuka. Kazi yangu ni kuutia mchanga maji. Ukiufumbata ushikane, lakini usitoe hata tone. Ukilowa mno, chuma hulipuka na kumrukia anayemimina.

Leo niliitwa katikati ya kazi. Niliporudi sikukumbuka nilipoishia, nikayatia maji masanduku ya mwisho mara ya pili. Kuufumbata mchanga, maji yakanichuruzika hadi kiwikoni. Shangazi, unanijua. Badala ya kusema, nikanyunyiza mchanga mkavu juu, nikajiambia utakauka.

Baba Mdogo na fundi tunayemwita Cheche wakaja na ndoo ya chuma, mmoja huku, mmoja kule. Cheche alikuwa akimtania huyo kaka yako kwamba anatembea kama bwana harusi. Wakamimina ya kwanza, ya pili, ya tatu. Walipoyakaribia masanduku yangu ndipo nikaweza kusema, tena kwa sauti ndogo: "Baba Mdogo, hayo yamelowa."

Wakasimama. Chuma chote wakakimwaga chini penye mchanga mkavu, kikawa donge lisilo na kazi. Cheche akachimba kidole sandukuni, akakitoa kikichuruzika maji. Baadaye akasema, "Kumbe Kimya wetu ana macho ya mwewe."

Wanadhani nimegundua tu. Jioni hii nimesifiwa mpaka chakula kikanishinda. Kuanzia kesho nitakagua mchanga wote mimi, na hawatamimina mpaka niseme.

Hakuna anayejua kuwa niliuficha, ila wewe. Naogopa Baba Mdogo atakavyonitazama. Naogopa zaidi wakiniamini hivi hivi. Namsikia uani akinawa mikono. Naenda kumwambia sasa, kabla sijaikunja barua hii, nisije nikaghairi.

Nisalimie Bibi na wale mapacha watundu. Mungu awafunike nyote.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Kimya