Anza Upande wa Kulia

Chumba cha nyuma, Glenwood,
Durban.
Jumapili, tarehe 9 Februari 2025

Yaya Deborah, dada yangu mkubwa, Povu wangu mpendwa,

Uko muzima? Watoto wanakula, wanalala? Ile mguu ya Papa Ildephonse imepona, ao bado analala kwa kiti? Na wewe, bado unamaliza sabuni nzima kwa siku moja? Nitakuita Povu mpaka uzeeke, zoea tu.

Mimi niko sawa. Kazi ya salon iko, chakula iko. Joto ndiyo inatuua. Mwezi wa pili huku hewa iko kama kitambaa kimelowa, unatoka kuoga, hujamaliza kujipanguza, jasho imesharudi. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu yako inapita kwa mikono ya watu mingi pale nyumbani, na haya sitaki wayasome. Pacifique, yule wa mtaa wetu, anapanda basi ya Lubumbashi Jumanne, atakupa mkononi. Usimsomee mama.

Bon. Unajua kichwa yangu haitulii. Salon ni ya kusuka, lakini mimi nimejiingiza kwa mambo ya ngozi. Hakuna aliyenifundisha, ni simu tu, na sufuria, na uso yangu mwenyewe niliyoichoma mara mbili kwa ndimu. Usiweke ndimu kwa uso, Povu, nakuomba! Nimeelewa kitu moja: ngozi inafuata majira. Wakati ya joto haitaki mafuta mazito, inataka tango, aloe vera na maji ya baridi kidogo. Wakati ya baridi, mwezi wa sita, upepo inakausha mtu kama samaki. Hapo unaoga maji ya uvuguvugu na maziwa, unapaka mafuta ya karité mwili ikiwa bado na maji. Wewe na ile vumbi ya kule, visigino vyako najua vimepasuka: loweka kwa maji ya chumvi, sugua na sukari na kahawa iliyobaki, paka mafuta ya avoka, vaa soksi, lala. Siku tatu. Utaniambia.

Basi nikaanza kuwafuata wateja kwao. Naita Bafu ya Majira. Mara nne kwa mwaka nakuja na begi, nakusugua, nakupaka, wewe kazi yako ni kufunga macho tu.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa Bi Kulthumu. Ni mama mzee, mtu wa Tanga. Yuko huku miaka arobaini. Bwana yake alikuwa mpishi wa meli, alishakufa, mtoto hawakupata. Anakaa peke yake Morningside, ghorofa ya tatu, kwa nyumba ya zamani yenye benywari nyeupe, ile bafu ya kulala ndani, ya miguu ya chuma. Alikuja salon kukata kucha ya miguu juu hawezi tena kuinama, akaangalia mikono yangu muda mrefu. Akasema, "Hii mikono haina haraka. Ajabu, mdomo wako una haraka kweli." Nikacheka. Nikampenda palepale.

Nikataka kumfanyia kitu spéciale. Nikaona kwa simu dada mmoja anasifu unga ya majani ya mkunazi, eti inasafisha ngozi kuliko sabuni. Tena kafuri, inatuliza. Tena maji ya waridi. Nikaenda mjini kwa duka ya viungo ya mzee mmoja wa Mombasa, kofia nyeupe, sauti ya chini. Nikamtajia vitu vyangu. Akaacha kufunga, akaniuliza, "Ni mwanamke?" Nikasema ndiyo, nikafikiri anataka kujua aina ya ngozi. "Mtu mzima?" Mzima kabisa, wa miaka sabini na kitu. Akatikisa kichwa polepole. "Pole sana, binti." Akaongeza na pamba ya bure, pakiti nzima. Mimi nikatoka pale nafurahi! Nikasema, eish, huyu mzee anajua kushika wateja.

Siku ile ilikuwa Jumamosi mchana, mwezi wa sita, jua inaingia kwa dirisha. Nikajaza benywari, nikafungua mfuko. Bi Kulthumu akanusa. Kisha akavua, nikamshika, akaingia, akalala chali, mikono yake akaiweka sawasawa.

"Anza upande wa kulia," akasema.

Nikaanza upande wa kulia.

"Mara tatu. Kafuri usiweke sasa, weka kwenye maji ya mwisho. Na usizungumze, mwanangu."

Mimi, nisizungumze! Lakini sikuzungumza. Nilimsugua saa nzima, Povu, na hakuna kitu ilitoka kwake. Unajua mtu akisuguliwa, nongo zinatoka, hata kama ameoga asubuhi. Kwake hapana. Maji ilibaki safi kama sikugusa mtu. Na haikupoa. Nilipomfunika akafungua macho, akasema, "Kumbe si kubaya."

Mimi nikasherehekea. Nikaandika yote kwa kaye, daftari yangu ya kazi: kulia kwanza, mara tatu, kafuri mwisho. Kesho yake nikajifanyia mwenyewe hapa nyumbani, Jumapili baada ya misa. Natoka kwa bafu na kitambaa nyeupe kifuani, nakutana na Scola kwa mlango. Scola ndiye tunakaa naye chumba, Mtanzania wa Kigoma. Ni Mkristo kama sisi, lakini alilelewa na shangazi yake Mwislamu.

Akasimama. Pua yake ikacheza.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa."

"Basi mbona wewe umeoshwa?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Akanikalisha kwa kitanda akanieleza. Mkunazi, kafuri, kuanza kulia, mara tatu, pamba: ndivyo Waislamu wanaosha maiti yao. Kafuri yenyewe wao wanaiita karafuu maiti. "Umejiosha kama maiti, Larissa," akasema, "na umemwosha bibi wa watu kama maiti, naye yuko hai!" Nilirudi kwa bafu nikajisugua na sabuni ya nguo. Harufu ilikataa kutoka kwa mikono. Hata leo. Kule salon, Papy wa kunyoa ananiambia nibadilishe crème, wateja wanaulizana.

Nikaenda kwa Bi Kulthumu kuomba msamaha. Nilipiga magoti kabisa. Akacheka mpaka akakohoa.

"Nilijua tangu ulipofungua mfuko. Ungejiona uso wako ulivyokuwa unang'aa, kama umeniletea keki!"

Nikamuuliza mbona hakunizuia. Akasema alikuwa anaogopa kitu kile miaka mingi, usiku na mchana, kulala vile na kuguswa na asiweze kusema. Sasa amelala, ameguswa, na ameona. Basi mwezi wa tisa nirudi, nilete vilevile.

Mwezi wa tisa nilijaribu kumdanganya. Nilipeleka asali, maziwa na majani ya mnanaa, vitu vya majira ya maua. Akanusa begi kutoka kwa kiti chake. "Peleka hivyo kwa mabibi harusi," akasema. "Mimi niletee vyangu." Nikarudi mjini kununua.

Sasa sikia ya mwezi wa kumi na mbili. Hii sijamwambia hata Scola. Nilimwacha ndani ya maji, nikatoka kuchukua taulo kwa kiti ya sebuleni, hatua sita tu. Kwa sakafu iko alama ya miguu yenye maji. Miguu midogo, ule wa kushoto umepinda kidole kama wa Bi Kulthumu. Zilitoka kwa mlango wa bafu, zikapita sebule, zikafika kwa mlango wa nje, zikasimama pale zote mbili pamoja. Zilikuwa bado zinang'aa. Za kurudi hakukuwa. Nikakimbia bafuni. Yuko kwa maji, amelala, mikono sawasawa. Yeye mwenyewe hawezi kutoka bila mimi kumshika kwapani, nakuapia.

"Usihangaike na taulo," akasema, macho amefunga. "Nilikwenda kutazama kama wamefika. Bado."

Ni nani hao, mpaka leo sijui.

Nilipomwinua alikuwa mwepesi, Povu. Mwepesi kama ndoo ambayo ulifikiri imejaa. Na ngozi yake, hapa kwa mgongo na mikono, ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga wa Jeancy wetu. Ni kazi nzuri kuliko zote nimeshafanya, na niliogopa kuiangalia.

Siku ile akaniambia anachotaka. Bafu ya nne tufanye Jumamosi tarehe moja mwezi wa tatu, anataka kuingia Ramadhani akiwa safi. Akatoa ufunguo wa nyumba, akaufunga kwa kiganja yangu. "Ukigonga mara tatu nisipojibu, fungua. Usipige kelele. Namba ya wanawake wa msikiti nimeibandika kwenye friji, wapigie, watakuja, wanajua kazi yao. Wataniosha wao, dini yako si yangu. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kunigusa. Wewe simama pale, washikie maji tu. Nataka mkono mmoja mule ndani uwe ninaoujua."

Nikasema nitafikiri. Akasema, "Fikiri, lakini usinidanganye. Kama huwezi, rudisha ufunguo kabla ya siku hiyo. Nisikae nakungoja."

Yaya, wewe unajua kwa nini nimekosa kulala. Siku nkambo, bibi yetu, alipofariki, wamama walituita sisi wawili, wajukuu wakubwa, tusaidie kumwosha. Mimi nilifika kwa mlango, nikaona mguu yake kwa beseni, nikakimbia mpaka kwa reli. Wewe ulibaki. Ulirudi jioni mikono imekunjamana kwa maji, ukanipa chakula, hukusema kitu. Mpaka leo hukusema. Nkambo aliniosha mimi tangu nazaliwa, na siku yake moja nikamkimbia. Wakati mwingine nafikiri hii biashara yote ya kuosha watu niliianza pale kwa reli.

Jana nilienda kwa mzee wa Mombasa kununua vitu mapema, nijue moyoni kama ninaweza. Kabla sijasema kitu, akatoa mfuko chini ya meza. Umeshafungwa, juu pameandikwa LARISSA. Sijawahi kumwambia jina langu. Akasema, "Bibi yako amepita asubuhi, amekwisha chagua mwenyewe." Nikamwambia haiwezekani, yule bibi siku hizi hashuki hata ngazi. Mzee akaangalia sakafu ya duka, pale mlangoni, akachukua kitambaa akaanza kupanguza. Nikatoka bila kuangalia anapanguza nini.

Nilimpigia Bi Kulthumu palepale. Alipokea mara moja, sauti ya furaha, anakula muhogo, anauliza mbona nahema. Yuko mzima kabisa. Sikumwambia.

Mfuko uko hapa chini ya kitanda. Ufunguo uko kwa soksi yangu, na hii joto yote, ni baridi kama umetoka kwa kisima. Nimeushika mara mbili kuurudisha. Mara zote mbili nimefika mpaka robot, ile taa ya barabara ya kwenda Morningside, ikawa kijani, nikabaki nimesimama.

Nisalimie jirani yenu Mama Colette, umwambie crème yake Pacifique anayo, asubuhi kidogo na si kwa macho. Nisalimie Papa Ildephonse na mguu yake. Jeancy mbusu, na mtoto mbusu kwa kisogo, pale pananukia. Mungu awafunike wote kwa mkono yake, na mlango yenu afunge mwenyewe usiku.

Pacifique anarudi huku tarehe ishirini na sita. Mpe jibu kwa karatasi, hata mstari moja. Wewe ulibaki mule chumbani na mimi sikujua mlifanya nini. Niambie ulishika nini kwanza. Niambie kama mtu akiwa vile anajua nani amebaki na nani amekimbia. Jumamosi ile nikigonga mara tatu, nisisikie kitu, na ufunguo uko kwa mkono, wewe, Povu wangu, ungefanya nini?

Mdogo wako, anayekupenda tangu beseni moja,
Larissa