Nimeishia kwenye foleni ya chakula

Shoga, nimerudi. Nimechoka mpaka kuvua viatu naona kazi.

Si unaijua ile kamati ya wanafunzi inayoshauri chuo kuhusu zahanati yao? Walitaka niseme neno juu ya marehemu mdogo wangu, aliyesoma palepale. Kikao kilikuwa kwenye chumba cha mshauri nasaha wa zahanati hiyo.

Sikuingia. Nakwambia sikuingia!

Mlango wenyewe unatazamana na foleni ya chakula. Ndiyo kwanza nashika kitasa, kijana mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Mwingine huyo, kichwa kimegoma." Wakacheka. Miguu ikanigeuza yenyewe, nikajipanga kwenye foleni kama mwenye njaa. Mtu mzima mimi!

Mwenyekiti wa kamati, binti mdogo tu, akatoka kunitafuta. Akanikuta na sahani mkononi.

"Dada, tunakusubiri wewe."

"Naona haya kupita pale, mdogo wangu."

Nilipotamka hivyo ndipo nikayakumbuka maneno ya marehemu. Si unakumbuka alivyokuwa akituambia? "Dada, leo nilienda kwa mshauri, nikaishia kula." Kila wiki. Na sisi tukicheka, tukimwita mlafi.

Nikamweleza yule binti palepale. Akawaita wenzake wote watoke, wasimame kwenye foleni, wautazame mlango.

Wakaufuta ukurasa mzima wa mapendekezo yao, wakaanza upya na moja: mlango uhamie nyuma, upande wa bustani.

Nakuandikia nisije nikasahau.

Hakuwa mlafi, shoga.